Kipande Kilichobaki

Kabla hajanipasua, Daktari Wieczorek alinipa nikishike:
kiwavu cheupe, chepesi kama hostia,
upana wa kiganja.
Nikakiinua dirishani, theluji ya Łódź ikapita matunduni,
nikakivuta kwa marefu, nikakivuta kwa mapana,
nikamwambia: hiki kimefumwa, hakikusokotwa,
kitanzi kimeshika kitanzi, ukikikata hakifumuki.
Akashangaa.
Miaka ishirini na saba, nikasema,
nimesimama mbele ya mashine ya namna hii
nikifuma mapazia ya nusu ya Poland.
Ngiri yenyewe niliipata palepale,
nikinyanyua marobota ya nyuzi.

Tundu tatu tu, Bi Bogumiła, akasema,
kubwa yao haizidi kifungo cha koti.
Watalijaza tumbo gesi kama puto la sikukuu,
wataingiza kamera, na mikono mirefu ya chuma,
waibandike ile nguo ukutani, kwa ndani,
na vipini vidogo vya kuishikiza.
Kesho mchuzi. Kesho kutwa tramu.
Na ikawa hivyo, sitamsingizia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwenyeji akapona.
Siku mbili nikamlea mgeni; ya tatu sikuwa na jembe la kumpa.
Akakaa tu ukutani, hali, hazeeki, haagi.

Mwili haujui kusoma lebo.
Ukikuta kitu kisicho nyama hukitemea uzi,
uzi mwembamba wa kunata,
kisha uzi juu ya uzi, utando ukawa ukanda,
ukanda ukakaza kama ngozi ya ngoma.
Utumbo uliozoea kuteleza
ukapita karibu, ukagusa, ukashikwa.
Miaka minne nilikuwa nafuma usiku,
bila zamu, bila mshahara,
wala sikujua.

Dalili zilikuwepo. Kuvutwa upande wa kitovu
kila nikinyoosha mkono kufikia kabati la juu.
Binti yangu Jolanta akasema ni gesi.
Muuza dawa akasema ni umri.
Nikanywa majani ya mnanaa, nikawaamini wote wawili.

Mkesha wa Noeli, kwetu, huachwa sahani moja tupu mezani
kwa mgeni asiyetazamiwa.
Nilikaa mkabala nayo,
supu ya bitiruti mbele yangu, nyekundu, inapoa,
na tumbo likasimama.
Halikuuma kwanza. Lilisimama
kama mashine uzi unapokatika,
ule ukimya unaomgeuza shingo kila fundi ukumbini.
Kisha likauma.
Nilitapika kijani kwenye ndoo ya kudekia,
Jolanta ameshika nywele zangu kwa mkono mmoja,
simu kwa mwingine,
na sahani ile bado inang'aa.

Mara hii alikuwa daktari kijana, Otylia Kmieć,
mwenye kucha zilizotafunwa.
Saa tatu na nusu na mkasi.
Mkanda wa video niliuomba mwenyewe, nikautazama:
utumbo wangu umeng'ang'ania wavu
kama mtoto aliyeshika sketi ya mama sokoni.
Mkasi unasogea, unasita, unarudi nyuma.
Akiteleza kidogo, kinyesi kitamwagika mahali pasipo njia.
Nikaijua kazi hiyo. Hivyo ndivyo tulivyofumua makosa:
huvuti. Unatafuta uzi ulio tayari kuachia,
unaanzia hapo.

Mbona hamkukitoa chote? nikamuuliza.
Akatazama kucha zake.
Palikuwa na mahali, akasema, hatukujua tena
wavu unaishia wapi
na wewe unaanzia wapi.

Jana nilifua mapazia ya jikoni,
kazi ya mikono hii, mwaka wa sabini na tisa.
Nikapanda kiti kuyatundika.
Nikavutwa upande wa kitovu, kidogo,
kama mtu anayeuliza saa.
Nikangoja.
Kisha nikatundika ndoano ya pili.